Kuwaenzi watunza historia na nasaba wangali hai: mwongozo kamili kwa kamati ya kijiji, mtaa au ukoo

Mara ya kwanza tuliboronga. Tulikuwa na mzee mmoja wa Wilaya ya Bahi, mkoani Dodoma, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini ameandika vizazi vya kijiji chake kwenye kauntabuku, bila mshahara na bila kuombwa na mtu. Tukachangishana, tukakodi turubai na viti vya plastiki, tukachapa cheti. Mgeni rasmi alitangazwa wa saa nne, akafika saa nane. Mzee alikuwa ameketi tangu saa tatu, na kivuli cha turubai kilishamhama zamani. Alipoitwa mbele akakipokea cheti, akakisoma taratibu, kisha akaniinamia sikioni: "Mwanangu, huyu aliyeandikwa hapa ni nani?" Jina la babu yake lilikuwa limekosewa. Mtu aliyetumia nusu ya umri wake kunyoosha majina ya wenzake, sisi tulimpa lake likiwa limepinda.

Haya ninayoyaandika yametokana na siku ile na nyingine zilizofuata. Yanafaa kwa kamati ya kijiji, ya mtaa, ya usharika au ya ukoo, na hayahitaji fedha nyingi. Yanachohitaji ni mpangilio: kazi ya mtu ishughulikiwe kwanza, sherehe ije baadaye. Wengi tunaanza na turubai.

Hatua ya kwanza: watafute msibani

Ukienda ofisi ya mtendaji ukauliza nani anatunza historia ya hapa, utapewa orodha ya viongozi wastaafu. Mmoja wao huenda anastahili, lakini njia hiyo itakuletea watu wanaojulikana, na watunza historia mara nyingi hawajulikani.

Uliza hivi: mtu akifariki, nani anaamshwa usiku ili wasifu wa marehemu uandikwe? Nani anajua marehemu alikuwa mtoto wa ngapi, mama yake alitoka mlango gani, yaani tawi gani la ukoo, na yule dada aliyeolewa Manyoni aliacha watoto wangapi? Uliza pia waliowahi kukaa kwenye kikao cha ukoo kuandaa muhtasari wa mirathi wa kupeleka mahakama ya mwanzo. Pale ndipo vizazi huhesabiwa kwa majina, na kila ukoo una mtu mmoja ambaye wengine humgeukia wakikwama.

Utakaowapata watakuwa mchanganyiko. Katekista mstaafu anayejua daftari la ubatizo la mwaka gani liko kabati gani. Mwalimu wa shule ya msingi aliyeandika historia ya kijiji kwa ajili ya darasa la nne, ikabaki kwenye droo. Fundi redio mwenye boksi la kaseti za ngoma za miaka ya themanini. Kijana anayepita mahameni, kwenye makazi yaliyohamwa, kupiga picha makaburi kabla wapima viwanja hawajafika. Kwa Dodoma huyu wa mwisho ana kazi ya haraka kuliko wote. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, maeneo kama Ihumwa, Mtumba na Nzuguni yamegeuka viwanja, na makaburi ya zamani huwa hayana hata msalaba wa kuyatambulisha.

Na bibi je? Orodha nyingi huwaacha wanawake kwa sababu hawana daftari la kuonyesha. Lakini jaribu kumwuliza mzee wa kiume nasaba yake. Atakutajia baba, babu, baba wa babu, kama treni inayopita stesheni bila kusimama. Ukimwuliza wake zao atasema, "Huyo alioa kule kwa akina fulani." Bibi ndiye atakayekujazia nafasi hizo, na ndiye atakayekwambia watoto wangapi walikufa kabla ya kupewa jina kanisani. Hana daftari kwa sababu kila kitu kiko kichwani, basi kaketi naye uandike.

Hatua ya pili: jiridhishe, lakini usiamue kesi

Nasaba ina meno. Inaamua nani mrithi wa shamba, nani alitangulia kufika bonde fulani, mlango upi ulikuwa wa utemi. Bei ya ardhi ya Dodoma ilivyo sasa, cheti chako kinaweza kuibuka baraza la ardhi kikiwa kielelezo. Kwa hiyo kubalianeni mapema kwamba mnamheshimu mtu kwa kutunza na kukusanya. Hamthibitishi kwamba kila jina aliloandika ni sahihi. Kisha ongea na watu wa milango isiyopungua miwili. Wakikwambia, "Sisi hatukubaliani naye kwenye jambo moja, lakini hakuna anayejua kama yeye," umempata.

Njia nzuri ya kupima kumbukumbu za tarehe ni kalenda ya matukio. Wazee wetu hawataji miaka, wanataja mambo. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Njaa ya Mtunya, iliyowakumba Wagogo baada ya majeshi ya Vita ya Kwanza ya Dunia kuchukua vyakula, mifugo na wapagazi, ilikuwa 1918 hadi 1920. Karanga za Kongwa, mradi ule wa Waingereza, zilianza 1947 na kuachwa 1951. Uhuru ni 1961, sensa ya kwanza baada ya Uhuru 1967, Operesheni ya kuhamishia watu vijijini hapa Dodoma 1971, Elnino 1997 kuingia 1998. Bibi akisema mama yake alizaliwa "Mtunya ikiisha" na yeye mwenyewe alikuwa "msichana wa kuteka maji wakati wa karanga", piga hesabu uone kama vinakaa pamoja. Visipokaa, mwulize tena kwa upole. Mara nyingi utagundua kwamba kuna kizazi kimerukwa, au watu wawili wamechanganywa kwa sababu mjukuu alipewa jina la babu.

Hatua ya tatu: mwendee nyumbani

Usimpigie simu, wala usimtumie mtoto wa jirani. Nendeni wawili, mmoja awe mtu anayemwita kwa jina la ukoo. Chukueni sukari na majani ya chai. Msalimieni kwa lugha yake, hata kama ninyi mnaijua ile "Mbukwenyi" ya kwenye mikutano ya kampeni tu. Kaeni kwanza. Hoja haianzi kabla ya habari za mvua, za mifugo na za wagonjwa.

Halafu angalieni neno mtakalotumia. Sisi tulimwambia mzee mmoja, "Babu, tumekuja kwa sababu tunataka kukuenzi." Akanyamaza. Kisha akauliza, "Kuenzi? Mmesikia nimekufa?" Tulicheka, lakini alikuwa na haki. Redioni neno hilo tunalisikia zaidi kwa waliotangulia mbele ya haki. Siku hizi nasema, "Babu, tunataka kukushukuru mbele ya watu," na hoja inaeleweka papo hapo.

Muulizeni mambo manne: anakubali kutajwa hadharani? Anataka lipi liandikwe na lipi lisiandikwe? Nani katika familia ashirikishwe? Na kuna mwenzake aliyefanya naye kazi hii ambaye asipotajwa ataona aibu? Swali la nne limetuokoa mara mbili.

Kuna pia maarifa ambayo si ya kutoa nje. Kule Kolo, Kondoa, michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 inatembelewa na wageni kila mwaka, lakini baadhi ya mapango bado ni mahali pa matambiko kwa wenyeji, na anayeyatunza haonyeshi kila kitu wala hasemi kila kitu. Mtu wa namna hiyo anaheshimiwa kwa kuachiwa ukimya wake. Usimwekee kamera mbele ukadhani unamfanyia hisani.

Hatua ya nne: nakili kazi yake kabla hujachapa cheti

Hapa ndipo fedha na muda mwingi viende. Nimeona cheti kilichowekwa kwenye fremu ya kioo ukutani, na chini yake, ndani ya sanduku, kauntabuku ambayo mchwa walikuwa wameshafika kwenye herufi M.

Daftari lisitoke nyumbani. Ninyi ndio mfuate daftari. Fikeni asubuhi, wekeni meza mlangoni penye mwanga lakini pasipo na jua la moja kwa moja, tandikeni kitambaa cha rangi moja. Simu ishikwe juu ya ukurasa, bapa, bila kumulika na taa yake, maana wino wa kalamu ya bluu uliofifia hupotea kabisa ukipigwa na mwanga huo. Pigeni kila ukurasa, hata usio na kitu, hata jalada, hata risiti na barua zilizobanwa katikati. Msiandike namba juu ya daftari lake: wekeni kijikaratasi chenye namba pembeni ya ukurasa kabla ya kupiga. Mkifika jioni, mafaili ya picha yapewe majina yanayoeleweka: kijiji, jina la mwenye daftari, namba ya daftari, namba ya ukurasa. Picha mia tatu zenye majina ya tarakimu ambazo simu imejipangia hakuna atakayezifungua tena.

Ukurasa uliochanika usiuzibe kwa selotepu. Gundi yake hugeuka njano na kula karatasi. Wala usipeleke ukurasa wa asili stesheneri ukafanyiwe leminesheni, hata kama mwenye duka anakuhakikishia utadumu milele. Joto la mashine linaharibu karatasi kuukuu, na plastiki haitoki tena. Leminesheni ni ya nakala. Daftari lenyewe lifungwe kwa kitambaa safi cha pamba, liingie sanduku la bati, sanduku lipandishwe juu ya mawe au matofali ili lisiguse sakafu. Kama nyumba ni tembe, kagueni kwanza sehemu ya paa inayovuja mvua za Januari.

Kwa sauti, adui wa kwanza wa Dodoma ni upepo. Rekodini ndani, simu ikiwa juu ya nguo iliyokunjwa, mtandao ukiwa umezimwa ili isiite katikati ya jina la babu wa babu. Anza kwa kusema tarehe, mahali, jina la anayezungumza na lugha. Mwache azungumze lugha yake. Kigogo kikitafsiriwa papo hapo hupoteza nusu ya majina ya mahali, na Kisandawe chenye sauti zake za vidoko hakiandikiki kwa haraka na mtu asiyekijua. Rekodi kwanza, tafsiri baadaye na mjukuu anayejua lugha zote mbili. Muulizeni majina ya vizazi kwenda juu, kisha yarudieni kwenda chini: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe. Makosa hujitokeza kwenye safari ya kurudi.

Nakala ziwe tatu, sehemu tatu. Moja kwa familia, iliyochapwa kwenye karatasi na kushonwa. Ya pili kwenye flashi mbili zinazokaa kwa watu wawili tofauti. Ya tatu kwenye taasisi: maktaba ya shule ya kijiji ni nzuri kwa matumizi, lakini kwa usalama wa muda mrefu ulizeni utaratibu wa kupokea nyaraka kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, au kwenye Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichopo tangu 2007. Andikeni barua ya ukurasa mmoja inayosema nani ni mwenye kazi, nani anaruhusiwa kuisoma, na kwamba daftari la asili ni mali ya familia.

Kuhusu walio hai: tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa 2022, na hata isingekuwepo adabu ingetosha. Tengenezeni matoleo mawili. La ukoo liwe na kila kitu. La hadharani liishie kwa waliofariki, na lisiguse mtoto wa nje ya ndoa, ugonjwa wala aliyelelewa bila kuambiwa. Jina likishasambaa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wenye watu mia mbili, halirudi.

Kama kazi yake ilitegemea madaftari ya kanisa, msiishie kwake. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa 1927, hivyo kuna parokia ambazo orodha zake za ubatizo na ndoa zina umri mkubwa kuliko kijiji kilivyo sasa. Katekista anayezitunza dhidi ya panya anastahili kutajwa pamoja na mwenye kauntabuku.

Hatua ya tano: zawadi

Swali ni moja: kitu gani kitamrahisishia kazi? Miwani ya kusomea iliyopimwa hospitalini. Taa ya sola, kwa sababu wengi wao huandika usiku. Kauntabuku mpya tatu nene na kalamu za wino mweusi. Bima ya afya ya mwaka mzima. Nauli ya kwenda kumwona ndugu wa mwisho aliyebaki wa tawi fulani, kwani siku hizi treni ya SGR inamfikisha Dar es Salaam na kumrudisha bila kulala njiani. Blanketi zito linapokelewa vizuri pia, Julai yetu siyo ya mchezo. Ngao ya kioo yenye nembo ya mfadhili, hapana.

Hatua ya sita: cheti, herufi kwa herufi

Rasimu iandikwe kwa mkono, ipelekwe kwake, aisome mwenyewe au asomewe, asahihishe, aweke saini au dole gumba. Ndipo iende kuchapwa. Ikitoka stesheneri isomwe tena na mtu wa nyumbani kwake. Majina ya Kigogo yenye "ng'h" ndiyo yanayoumizwa zaidi, kwa sababu mchapaji hudhani ni kosa na "kulirekebisha".

Maneno yawe mahususi. "Kwa kutambua mchango wake mkubwa katika jamii" unaweza kumpa hata muuza mabati. Sisi sasa tunaandika hivi:

"Sisi wananchi wa Kijiji cha ..., tuliokutana tarehe ..., tunamshukuru ..., mtoto wa ... na ..., kwa kuandika kwa mkono wake majina ya vizazi vya milango ... ya kijiji hiki tangu mwaka ... hadi leo, katika madaftari ..., na kwa kuwasomea wote waliokuja kuuliza. Nakala za madaftari hayo zimehifadhiwa ..."

Angalia: baba na mama wote wametajwa, idadi imetajwa, na mahali zilipo nakala pametajwa. Cheti chenyewe kimekuwa kumbukumbu.

Yule mzee wetu wa Bahi tulimrudishia cheti kilichosahihishwa wiki tatu baadaye. Alikipokea, akakiweka kando, akafungua kauntabuku na kuandika kwamba siku hiyo tulifika, watu wawili, majina yetu na ya baba zetu. Akaniuliza mama wa babu yangu aliitwa nani. Sikumjua. Akaacha mstari wazi, akaendelea na mwenzangu.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Chagueni Juni, mavuno yakiwa ndani. Kuanzia Desemba hadi Aprili watu wako shambani na barabara za vijijini ni tope. Julai na Agosti upepo unang'oa turubai, na wiki ya Nane Nane viongozi wote wako kwenye maonyesho Nzuguni. Kama mkutano mkuu wa kijiji uko karibu, unganisheni humo: watu watakuwepo tayari, na jambo litaingia kwenye muhtasari wa kijiji.

Anzeni saa mliyosema, mgeni awepo asiwepo. Akichelewa atakuta mnakula. Dawa kubwa zaidi tuliyoipata ni kumfanya mtunza historia mwenyewe awe mgeni rasmi: yeye ndiye anayepokelewa kwa ngoma, yeye ndiye anayeketi meza kuu kivulini, na diwani anakuja kumsalimia. Akina mama wapige muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, na mshereheshaji aambiwe mapema asiwakatishe ili asome ratiba.

Sehemu ya kati iwe kazi yake, isiwe risala kumhusu. Mwekeni na kipaza sauti, asome ukurasa mmoja wa daftari. Utaona watu wanavyosimama mmoja mmoja wakisikia jina la babu yao. Baada ya hapo tengeni nusu saa, meza mbili na vijana wanne wenye kalamu, ili wenye nyongeza na masahihisho wayatoe palepale. Tulipofanya hivyo tulipata majina mengi kuliko tuliyopata kwa miezi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Hatua ya nane: waliokwisha kutangulia

Kwa hawa neno kuenzi linakaa mahali pake. Mathias Mnyampala, mshairi tunayemkumbuka kwa ngonjera, alichapisha mwaka 1954 historia na mila za Wagogo, na hadi leo ni vigumu kuandika lolote la Ugogo bila kumpitia. Huyo ana kitabu. Wa kijijini kwako hana. Njia rahisi ni jina la barabara: tangu zoezi la anwani za makazi la 2022 kila kijia kinahitaji jina, na pendekezo huanzia kwenye mkutano wa mtaa au kijiji. Andaeni ukurasa mmoja unaoeleza alikuwa nani, na ridhaa ya familia iwe kwa maandishi. Kama kaburi liko hameni, nendeni na familia, lisafishwe, lichukuliwe picha na alama ya mahali kwenye simu, liingie kwenye orodha.

Hatua ya tisa: mtafutie mwanafunzi

Kijana mmoja, wa kike au wa kiume, mwenye mwandiko unaosomeka na subira, apangiwe kukaa naye angalau mara mbili kwa mwezi. Kamati imlipie vocha na daftari. Asiwe lazima wa ukoo huo, ila mzee amkubali, maana mwalimu huchagua mwanafunzi wake. Kazi ya kijana ya mwaka wa kwanza ni ndogo: kuingiza waliozaliwa, waliooa na waliofariki mwaka huo, na kumsomea mzee alichoandika.

Mwaka unaofuata, kabla ya kuteua mtu mwingine, kamati iende kwa yule wa mwaka jana na kulifungua daftari. Mkikuta halijaongezwa hata ukurasa mmoja tangu siku ya sherehe, sherehe ya mwaka huu iahirishwe, na michango yote ipelekwe pale.